Mafundo Ambayo Sikuyafungua

Kila mwaka, mvua zikishakatika na majani yakaanza kugeuka rangi ya udongo, mama yangu hunitumia mfuko. Huupakia kwenye basi pale Misungwi, akamkabidhi kondakta, halafu akanipigia simu kunitajia rangi ya basi na rangi ya mfuko, kana kwamba kondakta huyo amebeba mizigo ya wilaya nzima na mimi nisipokuwa mwangalifu nitachukua wa mtu mwingine. Mfuko ni wa salfeti, uliokuwa na mbolea zamani, umeshonwa mdomo kwa uzi wa katani. Juu kuna michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa. Chini ya michembe kuna nsansa: majani ya mgagani aliyoyachemsha, akayakamua maji machungu, akayaanika juani mpaka yakawa meusi na mepesi. Na kwenye kona ya chini kabisa huwa kuna fundo la kitambaa, dogo kama yai la kuku.

Michembe ilikuwa haimalizi wiki nyumbani kwangu. Watoto waliinywea chai asubuhi, na wakirudi shule waliingia jikoni kuitafuta tena. Nsansa ndiyo iliyokuwa na kesi. Ukiiloweka na kuibandika motoni, harufu yake inaingia hadi kwenye mapazia, na sisi tunakaa Kirumba, mlimani, nyumba zimebanana kati ya mawe na kila mtu anajua jirani yake amepika nini. Tena mume wangu ni mtu wa Kagera. Kwake mboga ni kitu kinachokaa pembeni ya ndizi bila kuleta fujo. Mara ya kwanza nilipompikia nsansa aliniuliza, kwa adabu zote, kama hiki ni chakula au ni dawa ya kifua. Watoto wakacheka, wakasukuma sahani. Tangu siku hiyo mfuko ukifika nilitoa michembe, nikafunga mdomo, nikaupandisha juu ya kabati la stoo. Mama akipiga simu kuuliza, nilimwambia, "Tumekula mama. Tamu kweli."

Nilisema hivyo miaka minne mfululizo. Wala sikuona kuwa ni uongo, niliona ni heshima. Nami sikuwa mtoto asiyemjali mzazi, maana kila mwezi nilikuwa nampelekea dagaa kutoka Mwaloni, wale wakavu wasio na mchanga, nimewachagua kwa mkono.

Lile fundo nalo sikulifungua, na hapa lazima nijianike. Mimi ni mtu wa kanisa, nina sare ya akina mama na hukaa benchi la pili. Lakini nimezaliwa Usukumani, na nimekua nikiona vitu vilivyofungwa kwenye kitambaa: kiunoni mwa mtoto mchanga, juu ya mlango, kwenye nguzo ya zizi. Kitambaa chenye fundo hakiulizwi. Nikajiambia kuwa mama, pamoja na kuimba kwaya kwake kote, amenitilia kinga ya nyumba. Kulifungua niliogopa. Kulitupa niliogopa zaidi. Kumuuliza niliona kungemtia aibu, mwanakwaya mzima. Mume wangu aliponiona nimelishika mara ya kwanza alisema, "Rudisha lilipokuwa." Kwa hiyo fundo lilibaki kwenye kona ya mfuko, mfuko ukabaki juu ya kabati, na mwaka uliofuata ukaja mwingine ukakaa juu yake.

Kazi yangu ni duka la pembejeo, pale Mirongo. Nauza mbegu, mbolea, dawa za wadudu, dawa za magugu na mabomba ya kupulizia. Dukani mimi ni mtu mwingine kabisa. Mkulima akiingia na jani lililojikunja, nalitazama mara moja nikamwambia shamba lake lina tatizo gani. Napenda kujua, na napenda ijulikane kwamba najua. Hiyo ndiyo kasoro yangu, na katika dawa zote zilizopo dukani sijaona ya kuitibu.

Basi mwaka huo wa nne, miezi michache baada ya mfuko kufika, mvua mpya zikiwa zimeshashuka, nilikwenda nyumbani nikamkuta mama shambani. Alikuwa ameshavuka miaka sabini. Alikuwa ameinama kwenye mahindi na jembe lake, anapalilia, na kila baada ya hatua chache alijinyoosha, akashika kiuno kwa mikono yote miwili na kukaa hivyo kidogo, macho kayafumba. Niliumia sana. Nina duka limejaa dawa za magugu, na mama yangu anavunjika mgongo kwa magugu. Jumamosi iliyofuata nilirudi na kopo la dawa na bomba la mgongoni. Nikavaa buti na glavu, nikajaza maji, nikaanza kupuliza mwenyewe mstari kwa mstari.

Mama alisimama kwenye uzio wa minyaa akinitazama. Shamba lake wakati ule halikuwa la mahindi peke yake, lilikuwa na kila kitu. Kunde zilitambaa kati ya mahindi, maboga yalizurura hadi njiani, na katikati ya hayo yote ulisimama mgagani uliojiotea, na mlenda wa porini, mahali popote ulipopenda. Mama alikuwa akipalilia kwa kuuzunguka. Mimi, kwa macho yangu ya dukani, niliona uchafu.

"Hiyo dawa inachagua?" aliniuliza.

"Inachagua mama. Inaacha mahindi, inaua mengine yote."

"Na mgagani?"

"Mgagani ni gugu, mama."

Aliutazama mgagani uliokuwa karibu naye. Halafu akasema, "Haya. Umetoka mbali na mzigo mzito. Puliza, mwanangu." Akaenda kunipikia uji.

Baada ya wiki mbili shamba lilikuwa jeupe kati ya mistari, mahindi yamesimama peke yake kama wanafunzi asubuhi ya ukaguzi. Majirani wakaja kutazama. Nami nikawapa maelezo kwa sauti kubwa, na kila safari nikawa nabeba makopo yao pia. Kufikia msimu wa pili karibu kitongoji kizima kilikuwa kinapuliza dawa yangu. Nikipita njiani watu walinisimamisha kunishukuru, na mama akawa haendi shamba na jembe. Nilijiona nimemlipa fadhila zake zote.

Tulipuliza misimu mitatu, kila mara kabla mgagani haujatoa maua. Kunde hazikupandwa tena kwa kuwa dawa haizipendi, wala maboga. Mfuko ukawa unakuja na michembe tu. Mara ya kwanza niliupima kwa mkono, nikauona mwepesi, nikautazama ndani, nikaona hakuna nsansa. Sikuhuzunika hata kidogo. Nilishukuru, maana juu ya kabati hapakuwa na nafasi.

Kisha mama akanipigia simu akaniomba kitu. Mama yangu haombi. Unaweza kumkuta anakunywa chai ya chumvi, ukamuuliza kama sukari ipo akasema ipo, haina neno. Siku hiyo alisema, "Kama una mbegu za mgagani huko, niletee."

Nilifurahi kuwa nimeombwa kitu ninachokijua. Zipo siku hizi mbegu za mgagani za pakiti, zilizoboreshwa, majani mapana. Nikazipeleka Jumamosi hiyo hiyo. Mama aliigeuza pakiti, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Hizi ndizo ulizonazo?"

"Ndizo, mama. Ni nzuri sana."

Akazipanda karibu na jiko. Niliporudi baada ya wiki kadhaa alikuwa amechuma na kupika, akanipakulia. Tukatafuna.

"Huyu ni mgeni," mama akasema. "Hana uchungu."

Nikamweleza kwamba uchungu umepunguzwa makusudi, wataalamu wamehangaika nao.

"Wamefanya kazi," akasema kwa upole, akasogeza bakuli pembeni. Alijaribu kuyaanika majani yale pia, yakawa unga mikononi.

Lazima nieleze kuhusu jabali, ama sivyo hutaelewa kilichonipata siku hiyo. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe kubwa lililolala, pana na bapa, linashika joto la jua kuanzia saa tatu asubuhi. Miaka yote wanawake wa nyumba za jirani walikuwa wanaanika nsansa zao hapo. Walilifagia kwanza kwa ufagio wa majani, kisha kila mmoja akatandaza mahali pake. Hakukuwa na mstari uliochorwa, lakini kila mtu alijua lake linaishia wapi. Halafu walikaa pembeni na fimbo za kufukuzia kuku na mbuzi, wakaongea mpaka jua lipinduke. Habari zote nilizozijua utotoni, za nani kaoa, nani kakimbia, ng'ombe wa nani kala shamba la nani, nilizisikia juu ya jabali lile nikijifanya nimelala.

Siku hiyo, baada ya kula, nilimtafuta mama kumuaga nisimwone. Nikamkuta jabalini. Amekaa mahali pake, fimbo mkononi. Jiwe lilikuwa tupu, safi, limefagiliwa, halina hata jani moja. Wala hakukuwa na mtu mwingine.

"Unafanya nini hapa, mama?"

"Nakaa tu."

Nilimwambia naondoka, nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Nililia kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo kwangu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu sina wa kumjibu.

Sikuondoka. Nilikwenda kuulizia mbegu nyumba hadi nyumba. Mgagani wa zamani, ule mchungu, wenye shina la zambarau. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja ambaye miaka yote nafasi yake jabalini ilipakana na ya mama yangu. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilipomweleza shida yangu alinitazama usoni bila ukali wowote.

"Unaniuliza mimi mbegu? Si wewe uliyetuletea dawa?"

Nikasema ni mimi.

"Imeua vizuri," akasema. "Hata nyuki zangu zimehama, mizinga mitatu pale mtini. Zitakula nini kwenye mahindi? Kware nao siku hizi siwasikii." Akaendelea kuchambua maharage yake. "Lakini mbegu za mama yako wewe si unazo? Alikuwa anakufungia kila mwaka kwenye kitambaa. Sisi tulikuwa tunamcheka, mjini unapanda mgagani wapi? Akasema huku pakiharibika, kwa mwanangu kuna akiba."

Sijui niliagaje. Nakumbuka nilisimama kituoni Misungwi na mkononi nimeshika kigae cha kibuyu ambacho sijui nilikiokota wapi.

Nyumbani nilipanda juu ya stuli nikashusha mifuko yote minne. Nsansa ilikuwa imeingiwa na wadudu, imekuwa vumbi. Niliingiza mkono kwenye vumbi hilo nikatoa mafundo moja moja nikayapanga sakafuni. Mume wangu akaja kusimama mlangoni.

"Unayafungua?"

"Ni mbegu," nikamwambia. "Ni mbegu za mboga."

Alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia la mkaa. "Miaka yote hii," akasema, "tumelindwa na mgagani." Nikataka kumkasirikia nikashindwa, nikacheka naye huku machozi yananitoka.

Nilifungua la kwanza. Mbegu za mgagani ni ndogo sana, nyeusi, zinakwaruza, ukizimwaga kiganjani utadhani ni baruti. Lakini nilivitambua vitambaa kabla ya mbegu. Kimoja kilikuwa cha shati la marehemu baba, lile la mistari la Jumapili. Kingine cha sketi yangu ya shule ya msingi. Cha tatu cha kanga iliyokwisha. Cha nne cha mfuko wa unga, ule mweupe wa nguo, maandishi yake bado yanasomeka nusu.

Sasa nikawa na kazi moja ngumu. Kumpelekea mama mbegu zake katika vitambaa vyake ni kumwambia kwamba sikuwahi kufungua hata fundo moja, na kwamba ile "tamu kweli" ya miaka minne ilikuwa hewa. Nilifikiria njia nyingine. Nilifika hadi kutafuta chupa tupu ya soda, nizimwage zote humo, nimwambie nimezipata kwa mama mmoja sokoni. Nilishika chupa na fundo la sketi. Lakini muuza mbegu hachanganyi mbegu za miaka tofauti, maana zikikataa kuota hujui ipi ni mbovu, na hilo nawakataza wateja kila siku. Tena kile kitambaa cha shati la baba ningekitupa wapi? Nikarudisha chupa jikoni.

Nilimkuta mama jabalini tena. Nikamwamkia, nikakaa karibu yake, nikaweka mafundo yote manne juu ya jiwe. Alama ya fundo la mama naijua: hufunga mara mbili, halafu ncha anaipitisha ndani. Yalikuwa vile vile, isipokuwa lile moja nililolifungua, ambalo nilikuwa nimelifunga vibaya.

"La baba yako hili," akasema, akilishika.

"Sikuyafungua, mama. Nilidhani ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Kinga. Ya nyumba."

Alinigeukia taratibu. "Mimi? Ninayeimba sauti ya kwanza?" Kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni, mabega yakatikisika, akalazimika kuweka fimbo chini. Nilingoja amalize. Niliona nikichelewa kidogo tu nitaikimbia sehemu iliyobaki.

"Na nsansa hatukula. Watoto waliikataa, na baba yao. Niliiweka juu ya kabati ikaoza. Nilikuwa nakudanganya kwenye simu."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nsansa hailiki bila kalanga." Mama hana r, kwake ni kalanga, na mimi nikiwa naye husema hivyo hivyo. "Tena nyingi. Mtu anayeipika lazima kalanga zimwishie. Miaka minne hujaniomba hata kopo moja."

Nilikosa pa kutazama. Chini bondeni mashamba ya majirani yalikuwa yamekauka na mabua yamesimama.

"Sasa kwa nini uliendelea kutuma?"

"Na wewe dawa yako, kwa nini niliipokea?" Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa analifungua fundo la baba kwa meno, maneno yanatoka pembeni ya mdomo. "Ulikuja umebeba bomba mgongoni, jasho linakutoka, umechangamka. Mtoto akikuletea kitu kwa mapenzi utamwambia nini? Unamwambia tamu kweli."

Nilimwegemea begani kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mdogo, na yeye aliendelea na fundo lake.

Tulipanda mvua zilipoanza, kila kitambaa na tuta lake, karibu na uzio wa minyaa. Mimi nilikuwa nimeweka matumaini yangu yote kwenye shati la baba. Halikutoa hata mche mmoja. Kanga ilikuwa imeingiwa na unyevu, ikaozea. Sketi ilitoa miche michache iliyodumaa. Kilichoota vizuri, kikajaa tuta zima, kilikuwa ni kile cha mfuko wa unga. Nilimwangalia mama kama atahuzunika kwa lile la baba. "Hata yeye alikuwa mvivu wa kuamka," akasema.

Msimu ule hakuna aliyechuma hata jani. Mgagani wote uliachwa uzae. Ilikuwa adhabu, kwa sababu majani yalikuwa yamenona, na yule mama jirani alikuwa anapita kila jioni kuyatazama kwa macho ya njaa. Maua yalipotoka, meupe yenye ndevu ndefu, nyuki walikuja. Hawakuwa wengi. Nilisimama nikawatazama zaidi ya ninavyowatazama wateja wangu wa asubuhi.

Kuhusu palizi, mgongo wa mama ulikuwa bado ni mgongo wa miaka sabini na kitu, na sikuwa tayari kuuona umeinama tena peke yake. Nikafanya jambo ambalo ningelifanya toka mwanzo kama ningekuwa na akili. Nilikwenda kwa wale wanawake wa jabalini, nikawaomba turudie kulimiana, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mimi nikashika zamu za Jumamosi. Kwa kila aliyekubali kuacha dawa, mama alimpa mbegu, akamfungia kwenye kitambaa. Siyo wote waliokubali. Wengine bado wanapuliza, na bado wananunua kwangu, na siwezi kuwalaumu, maana maelezo niliwapa mimi.

Siku yangu ya kwanza ya zamu niling'oa mgagani. Nilikuwa nimeinama, nimezama kwenye umbea wa wenzangu, mkono ukavuta. Mama aliuona kutoka mistari mitatu mbali. Alikuja akauokota, akaukung'uta udongo, akanipa nikaupande tena mahali pale pale mbele ya watu wote. "Huyu ndiye mtaalamu wa duka," akawaambia. Wakacheka mpaka jembe la mmoja likaanguka. Ulinyauka siku mbili, halafu ukasimama.

Sasa ni msimu wa tatu tangu mafundo yarudi. Kunde zimerudi kati ya mahindi, na maboga yameanza kuzurura. Mahindi ni machache kidogo kuliko tulipokuwa tunapuliza, hilo sifichi, lakini chungu cha mama kina vitu vinne ndani badala ya kimoja. Wadudu mafuta, wale wanaofyonza majani, walivamia kunde, na mimi mkono ukaniwasha kwenda kuchukua dawa, lakini kabla sijafika dukani wakaja wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi, wakawala. Udongo chini ya maboga una unyevu hata jua likiwa kali. Kwa mama jirani mzinga mmoja kati ya mitatu una nyuki. Na mwezi uliopita, nikiwa napalilia karibu na uzio, kware alipita mbele ya jembe langu na vifaranga vyake, wadogo wadogo, wanakimbia. Nilisimama wima nikawaacha wapite wote.

Dukani bado nauza dawa za magugu. Lakini mkulima akiniomba, namuuliza kwanza anachuma mboga gani katika shamba hilo. Wengi hushangaa, wengine huona nawapotezea muda wakaenda duka la jirani. Wako wanaofikiri, wakaondoka bila kununua. Juu ya kaunta nimeweka bakuli la mbegu za mgagani, na vitambaa vilivyokatwa.

Wiki iliyopita mama alinipigia simu kunitajia rangi ya basi. Mfuko ulikuwa umejaa mpaka uzi wa katani umekaza. Michembe juu, nsansa chini, na kwenye kona fundo la gauni lake la zamani la kwaya. Fundo nililifungua siku hiyo hiyo, nikapanda mbegu zake kwenye makopo kati ya mawe nyuma ya nyumba. Nsansa niliiloweka, nikatwanga karanga zote zilizokuwepo, nikatia na maziwa. Harufu ikaingia kwenye mapazia, na jirani wa juu akapaza sauti kuuliza nani anapika mambo ya kwao. Watoto walikula kidogo kidogo wakikunja sura. Mume wangu alimaliza sahani, akasema ni chungu, akaongeza. Mimi nilikula mpaka nikafuta sufuria kwa ugali.

Kesho yake asubuhi nilipiga simu Misungwi. Mama akapokea, akaitikia shikamoo yangu, akauliza kama mfuko umefika salama. Nikamwambia umefika. Sikumwambia kama ni tamu.

"Mama," nikasema, "kalanga zimeniishia."

Nilisikia kuku wake, na upepo kwenye simu, na wanawake wakiongea karibu naye, kwa hiyo nikajua yuko jabalini. Halafu nikamsikia anavuta pumzi puani.

"Nakutumia leo," akasema.